Ushahidi wa Sindano

Mtaa ulimwita Karani, ingawa alikuwa mtoto wa miaka kumi tu, darasa la tano, meno yake mawili ya mbele yamepandana kidogo. Jina lilimganda kwa sababu tangu alipozijua herufi hakuonekana bila kitu cha kusoma mkononi. Akikosa kitabu, anasoma gazeti lililofungia sabuni. Akikosa gazeti, anasoma boksi la uzi, mpaka yale maandishi madogo ya chini yanayosema weka mbali na moto. Mama yake alikuwa fundi cherehani wa barabara ile, na watu wakaanza kumwita Mama Karani. Jina hilo alilivaa kama gauni jipya. Ukimwita fundi, anaitika. Ukimwita Mama Karani, anaitika na soda anakununulia.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka, ndicho karakana, ndicho sebule. Kilikuwa na dirisha moja, na nusu ya dirisha hilo ilizibwa na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa wima. Cherehani ilikaa ukutani chini ya taa. Katikati palikuwa na meza kubwa ya kukatia, na chini ya meza hiyo palikuwa na ofisi ya Karani: mto uliojazwa masalio ya vitambaa, kopo la penseli, na vitabu vilivyopangwa kama matofali. Akitoka shule ilikuwa avue sare, anawe, ale, aingie chini ya meza. Kutoka ni wakati wa kulala. Vitabu vikiisha, mama anampa simu yake yenye kioo kilichopasuka, asome humo. Jumamosi hali kadhalika. Nje kulikuwa na jua, kulikuwa na mpira, na kulikuwa na watoto wa Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa dobi wa ng'ambo ya barabara, na pacha wake wawili walijulikana kwa kuvunja vitu.

"Jirani," alimwambia Mama Karani siku moja, amekuja kuleta nguo za wateja alizozipiga pasi, "huyo mtoto utamwanika lini? Ataota ukungu huko chini."

"Wa kwangu anaota akili. Wa kwako wataota magurudumu."

"Magurudumu yatawafikisha mbali. Kwanza nyie na mwanao mna maringo ya ukoo. Jana nimekupungia mkono mpaka kwapa limechoka, ukanitazama kama nguzo ya umeme."

"Sikukuona."

"Wenye maringo wote husema hivyo."

Wakacheka. Lakini maneno yale Mama Karani alikuwa ameyasikia tangu akiwa msichana: haamkii watu, anapita na pua juu, anajiona. Alikuwa ameshazoea.

Sasa kitu kilichomvimbisha kichwa Mama Karani kuliko ripoti zote za shule kilikuwa sindano. Alikuwa anashona magauni ya maharusi yenye shanga, na sindano ya shanga ni nyembamba, tundu lake hata nzi angelazimika kulitafuta. Mafundi wengine hulamba uzi, hukodoa macho, hulaani, hupumzika, huanza tena. Mama Karani alikuwa anainama tu chini ya meza, "Karani, nitungie," na mkono mdogo unatokeza, unachukua uzi na sindano, unavipeleka karibu kabisa na pua, na kabla hujamaliza kupiga chafya uzi umeshapita. Wateja waliitwa watazame. Wengine walikuja na sindano zao makusudi ili wamshinde, wakaondoka wamenyamaza.

"Macho ya mwanangu," Mama Karani alikuwa akisema, "ni ya mwewe."

Mtoto akisikia hivyo anatabasamu huko chini na kuendelea kusoma, pua yake imegusa karatasi. Wageni wakitania kwamba kitabu anakinusa, mama anajibu kwamba ndiyo, anavuta harufu ya digrii.

Mama mwenzangu unayesoma, hapo ndipo angekaa chonjo. Hakukaa.

Katikati ya muhula aliitwa shuleni. Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, koti lake daima lina vumbi la chaki begani. Alimkaribisha kiti katika darasa tupu.

"Mama Karani, nitasema wazi. Kuna shindano la maswali kati ya shule. Darasa hili linatoa watoto watatu, na jina la kwanza nililoandika lilikuwa la mwanao."

Mama Karani akanyoosha mgongo.

"Lakini tangu muhula uanze, majaribio ninayoyaandika ubaoni majibu yake yanafanana na ya mwenzake wa dawati. Hata makosa yanafanana. Nimemwona mara tatu amegeuza shingo kwenye daftari la jirani."

"Mwanangu anaibia?"

"Sijasema hivyo. Muhula huu nilimpeleka dawati la nyuma kwa sababu amerefuka. Nikajiuliza, pengine haoni vizuri. Ndiyo maana nimekuita wewe kwanza kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu."

Mtu mwingine angesema asante mwalimu, tukaangalie. Mama Karani alisikia kitu kimoja tu, kwamba macho ya mwewe yametiwa dosari. Akapeleka mkono kwenye ukosi wa gauni lake, mahali ambapo mafundi huchomeka sindano, akachomoa ile ya shanga. Akachomoa na uzi. Akaomba mtoto aitwe.

Karani akaja, akamwamkia mwalimu, akapokea sindano. Akaipeleka puani. Uzi ukapita mara moja, kama kawaida yake.

"Jaribu wewe, mwalimu," Mama Karani akasema.

Mwalimu akajaribu. Alijaribu kwa muda wa kutosha kuaibika, akairudisha.

"Nimeona. Basi macho hayana tatizo?"

"Hayana."

Mwalimu akamwambia mtoto arudi uwanjani, akangoja mlango ufungwe. "Kama macho hayana tatizo, Mama Karani, limebaki jambo moja tu. Majina nayapeleka Ijumaa ya wiki ijayo. La kwake nimeliweka pembeni."

Alitembea mpaka nyumbani na sindano mkononi, kasahau kuirudisha kwenye ukosi. Alikuwa amekwenda kumtetea mwanawe, akawa shahidi wa upande wa pili. Lakini hilo bado hakulijua. Alilolijua ni kwamba ameaibishwa.

"Ulichungulia?" alimuuliza mtoto, akiwa amechuchumaa kuangalia chini ya meza.

Karani alikunja na kukunjua ncha ya ukurasa. "Nilichungulia maswali, mama. Majibu nilifanya mwenyewe."

"Maswali si yapo ubaoni?"

"Ubaoni kuna ukungu. Nilidhani ukikaa nyuma ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu. Mwenzangu ananakili, mimi nasoma kwenye daftari lake. Yeye akinakili tatu badala ya nane, na mimi nakosa."

"Kwa nini hukumwambia mwalimu?"

"Si ulisema macho yangu ni ya mwewe."

Mama Karani alisimama. Maneno yalimwingia, lakini hayakupata pa kukaa. Tundu la sindano ya shanga mtoto analiona, halafu ubao mzima, mkubwa kuliko kitanda, aukose? Fundi mwenye akili timamu hawezi kukubali hesabu hiyo. Akaamua kwamba mtoto ameona haya na anatafuta kichaka cha kujifichia. Dawa yake ikawa kusoma zaidi. Akamkataza hata kutoka kwenda dukani, akamwongezea kitabu cha mazoezi, akasogeza majora mengine mawili dirishani ili kelele za pacha zisimsumbue.

Karani hakulalamika. Alisogea tu karibu na mwanga mdogo uliobaki.

Siku nne zikapita hivyo. Ya tano, Mama Karani alikwenda kwa Mama Pacha kufuata mashuka, akiwa amevaa gauni lake la kijani lenye miviringo meupe. Kitambaa hicho kilikuwa salio. Mkunga wa kituo cha afya alileta jora zima, akashonewa gauni, akamwachia fundi kipande kilichobaki. Kwa hiyo mtaani kulikuwa na magauni mawili yanayofanana, ila waliomo hawakufanana hata kidogo. Mkunga alikuwa mrefu, na mwili wake ungetoa mafundi wawili na chenji ikabaki.

Mama Pacha alikuwa anaanua mashuka kwenye kamba na kumpa ayashike, mdomo umejaa vibanio. Ghafla akavitema.

"Jirani. Mwanao anamshika nani mkono pale?"

Mama Karani alitazama kati ya mashuka mawili. Ng'ambo aliona sare ya shule, na kando yake kitu cha kijani. Kisha akasikia sauti ya mwanawe, ile ya kujidai, ikisema: "Mama, leo imla nimepata zote."

"Hongera, mwanangu," mkunga akajibu taratibu, "lakini mimi siye."

Breki za baiskeli zilikuwa zimeshalia kabla ya hapo, na mwendesha baiskeli alikuwa amesimama mguu chini, anafoka, kwa sababu mtoto alikuwa amekata barabara mbele yake bila kumwona. Alikuwa ameliona gauni la kijani tu.

"Karani," Mama Karani akaita.

Mtoto akageuka. Akatazama upande wa mashuka, akalirudia gauni alilolishika, akatazama tena kule. Akakunja macho mpaka yakawa nyuzi mbili. Kati yao zilikuwa hatua ishirini, na mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa anamtafuta usoni kama anayesoma kibao cha lugha asiyoijua.

"Niite tena, mama," Karani akasema. "Nijue ni wewe."

Mama Pacha hakutania. Alichukua mashuka kutoka mikononi mwa jirani yake, akamwambia nenda.

Mkunga ndiye aliyewaambia kwamba Jumatano mpima macho hufika kituoni. Wakawa wa kwanza kwenye benchi. Mpima macho alikuwa mwanamke kijana, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Alimkalisha Karani upande mmoja wa chumba na kumwonyesha karatasi ya herufi ukutani upande wa pili.

"Nisomee ya juu kabisa."

"Ile nyeusi?"

"Zote ni nyeusi, mpenzi. Ile kubwa."

Kubwa aliisoma. Ya pili alibahatisha. Ya tatu akasema ni wadudu. Kisha mpima macho akampa kadi ndogo mkononi, yenye maandishi yanayozidi kupungua, na Karani akayasoma yote kwa kasi mpaka mstari wa mwisho, akauliza kama nyuma kuna mengine.

"Karibu anaona vizuri sana. Mbali haoni," mpima macho akasema.

"Lakini dada, sindano ya shanga anaitunga mara moja."

"Anaitungia wapi?"

Mama Karani akaonyesha. Kidole chake kikaishia puani. Kikabaki hapohapo.

"Ndiyo hivyo," akasema mpima macho. "Jicho lake limerefuka kidogo kupita kiasi, kwa hiyo cha puani linakikamata, cha mbali kinaingia ukungu. Watoto wengi huanza umri huu wa shule, na wakiwa bado wanakua linaweza kuendelea. Ukimpima kwa sindano atafaulu kila siku. Anasomea wapi?"

"Chini ya meza."

"Pana mwanga?"

"Upo. Kidogo."

"Kwa muda gani bila kupumzika?"

Mama Karani akaanza kujibu, akaacha. Jibu lile lile alilokuwa akilitangaza kwa wateja, kwamba mwanangu akiingia pale hatoki mpaka kulala, leo halikutangazika.

"Na nje anakaa muda gani mchana?"

"Anapokwenda shule."

"Shule ni mbali?"

"Ni hapo tu."

Mpima macho hakumgombeza. Alisema vitabu havina kosa, wala hawezi kuonyesha kitu kimoja akasema hiki ndicho. Huwa ni mambo yanayoshikana mikono: macho kukaa saa nyingi kwenye kitu cha karibu bila kupumzika, mtoto kukosa mwanga wa mchana wa nje, na kilichomo kwenye damu. "Nyumbani kuna mwingine asiyeona mbali?"

"Kwetu hakuna hata mmoja mwenye miwani," Mama Karani akasema. Kiburi cha mwisho alichobaki nacho kilikuwa hicho.

"Kukosa miwani na kuona ni vitu viwili. Hebu kaa hapo wewe."

Alikaa. Alisoma mistari mitatu. Wa nne ulikuwa wadudu, kama alivyosema mwanawe. Akabaki anautazama, na kichwani mwake zikapita nyuso zote alizozipita barabarani bila kuziamkia tangu usichana wake, na kwapa la Mama Pacha lililochoka kupunga.

"Dada," akauliza polepole, "kumbe sina maringo?"

"Hilo sina kipimo chake," mpima macho akasema. "Ila miwani unahitaji."

Wiki ile Karani alipewa miwani yenye fremu nyekundu. Mama Karani alikuwa ameamini miaka yote kwamba miwani huharibu macho ya mtoto, yakawa mavivu. Mpima macho alimwambia hapana, kinachomwumiza mtoto ni kuishi kwenye ukungu akidhani ndiyo dunia, na akamwagiza kumrudisha kupimwa tena kila mwaka. Walipotoka mlangoni mtoto alisimama, akatazama juu, akasema, "Mama, mti una majani moja moja." Mama Karani alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ijumaa asubuhi walikuwa darasani kabla ya kengele.

"Mwalimu," Mama Karani akasema akiwa amesimama, "siku ile nilikuletea shahidi wa uongo. Sindano haijui ubao. Wewe uliuliza vizuri, mimi nikakujibu kwa majigambo. Mwanangu alikuwa anachungulia maswali."

Kisha akamweleza habari ya tatu na nane.

Mwalimu akainuka. Akafungua kabati, akatoa madaftari mawili ya majaribio, akayalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Hatimaye mwalimu akavuta pumzi.

"Ni kweli. Swali lenyewe wamelinakili vibaya wote wawili. Hesabu ya Karani, kwa swali aliloliona, ni sahihi. Mimi niliangalia majibu tu." Akamgeukia mtoto. "Nenda dawati la nyuma. Kaa peke yako."

Aliandika maswali matano ubaoni. Karani akasukuma miwani juu ya pua, akaandika bila kuinua kichwa ila kutazama ubao. Alipata manne. La tano alikosea kutoa, kosa lake mwenyewe kabisa, na mama yake alikuwa hajawahi kufurahia kosa kama alivyolifurahia lile.

"Mwalimu," mtoto akasema, "kumbe huwa unapiga na mistari chini ya maneno?"

Darasa lilipojaa, mwalimu alisema mbele ya wote kwamba alimdhania Karani vibaya, na kwamba yeyote anayeona ukungu ubaoni aje amwambie, hakuna aibu. Mikono miwili ikanyooka hapohapo. Halafu akaliandika jina la Karani kwenye orodha, la kwanza, mahali lilipokuwa.

Nyumbani majora yalihamishwa ukutani. Cherehani ikatolewa barazani, ambako mchana wote kuna mwanga, na chini ya meza ya kukatia pakawekwa ndoo ya vifungo. Mama Karani alikata kipande cha futi lake la kupimia, inchi kumi na nne, kama kutoka kiwiko chake mpaka katikati ya vidole, akakishona kwenye mkoba wa shule: hapo ndipo kitabu kikae, pua isivuke. Akifika mwisho wa sura, Karani huinua macho akahesabu mashuka kwenye kamba za Mama Pacha. Na kila siku, kabla ya kitabu cha nyumbani, kwanza nje, mpaka jua lipoe. Siku ya kwanza pacha walimweka golini kwa sababu ya miwani. Siku ya tatu wakamtoa, wakisema anaona mpira mapema mno, anaharibu mchezo.

Alikuwa anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mama Karani alikuwa anamwonyesha kwa wateja.

Shindano lilifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa shule nyingine. Mama Karani alifika amechelewa kidogo, gauni la kijani, miwani yake mwenyewe usoni, akaamkia watu kumi na wawili njiani, baadhi yao wakabaki wanashangaa kulikoni. Alipata kiti nyuma kabisa. Mbele, safu ya pili, alikuwa amekaa mkunga, naye kavaa gauni la kijani lenye miviringo meupe. Alikuwa ameahidi kuja, akaja.

Maswali yaliandikwa ubaoni, na Karani aliyasoma kwa sauti kutoka kwenye kiti chake bila kukunja jicho. Shule yao ilishika nafasi ya pili. Walipoitwa jukwaani kupokea vyeti, watoto wengine wawili walitazama miguu yao. Karani alitazama ukumbi. Macho yake yalilifikia gauni la kijani la safu ya pili, yakatua kidogo, yakamtabasamia mkunga kwa heshima, yakaendelea. Yalipita safu moja baada ya nyingine mpaka nyuma. Kisha akainua mkono akapunga.

Hakuna aliyemwita.

Nje, akiwa na cheti mkononi na mwalimu akipokea pongezi pembeni, alimvuta mama yake mkono.

"Mama, ulikuwa unalia."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona."

"Kutoka kule jukwaani?"

"Kutoka kulekule," Karani akasema. "Na mshono wa bega lako la kushoto umepinda."

Mama Karani akalitazama bega. Ulikuwa umepinda kweli, kiasi cha uzi mmoja.